Kamba ya Babu Kina

Aliyekaa akae vizuri, na aliyesimama asije akasema hakuonyeshwa mkeka. Safari hii ni fupi kwa miguu, ila mbavu zitachoka kabla ya visigino.

Palikuwa na mama mmoja, jina lake Kalunde, msuka mikeka. Vidole vyake vilizoea ukindu tangu utotoni, hata akilala vilikuwa vikisuka pindo la shuka. Mwanawe wa pekee, Misoji, alikuwa ameolewa mbali, nchi ya Ustaha. Habari zikaja kwamba Misoji amejifungua salama mtoto wa kike. Kalunde hakungoja kumaliza mkeka. Alikunja ukili wake mrefu, ule ukanda wa mkeka ambao haujashonwa, akautia kwapani, akafunga mlango kwa kamba, akaondoka.

Alivyofika msiniulize. Alifika.

Mlangoni pa nchi alimkuta karani nyuma ya meza, na kitabu kikubwa mbele yake. Karani hakumuuliza jina wala kabila. Aliuliza hivi:

"Maji ya kwenu yana nani?"

"Yana kambale," Kalunde akajibu. "Na vyura, mvua ikinyesha. Na ruba, ukichelewa kutoka."

"Namuulizia mkubwa, mama. Mkubwa wa maji."

Kalunde alifikiri kwa uaminifu. "Labda yule kambale mwenye sharubu nyeupe."

Karani akaweka kalamu chini. Akavua kofia. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje amwone mtu ambaye maji ya kwao hayana mwenyewe. Yule naye alipomwona akavua kofia.

"Pole sana, mama," wakasema kwa pamoja. "Mmeishije miaka yote hiyo?"

"Tunachota, tunakunywa."

Wakatazamana, machozi yakiwalenga. Wakamwandikia cheti kwa herufi kubwa, YATIMA WA MAJI, na wakamvika shingoni unyasi mbichi, ili kila atakayekutana naye njiani amhurumie mapema.

Basi Kalunde akashika njia ya ziwani, akihurumiwa huku na huku. Na ziwa la Ustaha lilikuwa zuri, jembamba na refu, limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Lakini hakuona mtoto hata mmoja anayeogelea, wala mtumbwi, wala wavu. Aliona wanawake wamepanga mstari ukingoni. Kila mmoja alipiga hodi kwenye maji mara tatu kwa kiganja, akangoja, akajiitikia mwenyewe "Karibu" kwa sauti nzito, ndipo akachota. Akishachota anajitwika, na hapo ndipo Kalunde alipofungua mdomo akasahau kuufunga. Wote waliondoka kinyumenyume! Maana sheria ya kwanza ya Ustaha ni kwamba hakuna kiumbe anayelipa ziwa kisogo. Walirudi nyuma na mitungi kichwani, wakigonga miti, wakigonga ng'ombe, wakigongana wenyewe kwa wenyewe na kuombana radhi, na kila radhi ilimwaga nusu ya mtungi. Kando ya njia alikaa mzee anayeuza dawa ya visigino na visogo. Huyo ndiye mtu pekee aliyenenepa katika mtaa ule.

"Hao wanamkimbia nani?" Kalunde akamuuliza.

"Hawakimbii, yatima wangu. Wanamheshimu Babu Kina."

"Ni nani?"

Mzee akashusha sauti. "Yumo majini. Ana urefu wa pima mia tatu na tisa, na mkono mmoja."

Kalunde, ambaye maisha yake yote alipima ukili kwa mikono miwili iliyonyooshwa, alipiga hesabu kichwani. Akaona huyo Babu angetosha mikeka ya harusi za kata nzima, na mabaki yakatosha ya msiba.

Nyumba ya Misoji aliikuta mwisho kabisa wa ziwa, upande wa mashariki, na maji yalikuwa karibu nayo kuliko adabu. Mfereji mpana uliochimbwa miaka hii ya karibuni, nyasi zimeanza kuota ndani, ulitoka ziwani ukaja moja kwa moja hadi pima moja kutoka ukutani, kama kidole kinachomnyooshea mtu. Ndani, Misoji alikuwa amejilaza na kitoto cha siku tisa, kimefungwa kama andazi. Kalunde alikibeba, akakinusa utosi, akacheka, akalia, akacheka tena. Alipoinua macho aliona juu ya kitanda mstari mwekundu wa rangi, toka ukuta hadi ukuta, na neno moja limeandikwa: MKIA.

Mkwewe aliitwa Nakubali, na jina lilimkaa kama kofia ya kushonewa. Kwa heshima ya mama mkwe hakuingia. Alisimama nje ya mlango, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huu mstari ni wa nini?"

"Hapo ndipo utakapopita mkia, mama. Tumepata heshima ambayo hata ukoo wa Jumbe haujapata. Mkia wa Babu Kina utalala chumbani kwetu."

"Na mkeo atalala wapi?"

Huko nje Nakubali alikwaruza ukuta kwa kidole. Kuku alipita.

"Hilo halijaulizwa, mama," Nakubali akasema.

Misoji ndiye aliyemweleza mama yake, kwa minong'ono, huku akinyonyesha. Zamani za kale, miaka mia na mitatu iliyopita, mama mmoja aliyekuwa akiosha chungu ziwani aliona kitu kinapita. Akaulizwa urefu wake, akasema, mkono mmoja. Jumbe wa wakati ule akafurahi kwamba nchi yake nayo imepata kitu majini, akateua mtu kuwa Mpima Mkuu. Mpima akakata kamba ya mkono mmoja. Mwaka wa pili ikaja siku ya kupima tena. Sasa, huko Ustaha mtu mzima haambiwi amepungua, wala haambiwi yuko vilevile, huambiwa, "Umekua!" Mpima akaongeza pima moja kwa heshima ya Babu Kina, pima ya pili kwa heshima ya Jumbe, na ya tatu ili mwenzake atakayemrithi asije akaonekana mkarimu kumshinda yeye. Ikawa desturi. Kila mwaka pima tatu.

"Na majini nani aliingia na kamba?" Kalunde akauliza.

"Hakuna, mama. Wanapimia ukingoni."

"Wanapima nini ukingoni?"

"Wanaipima kamba."

Kalunde akaguna guno refu lililomwamsha mtoto.

Mambo yalikwenda hivyo, vizuri na kwa adabu, hadi miaka mitatu iliyopita, Babu Kina alipolipita ziwa. Ziwa lina pima mia tatu, naye ana mia tatu na tatu! Wakuu walikesha. Mtu angesema pengine kamba imezidi, lakini mtu wa namna hiyo huko hazaliwi. Waliona dhahiri kwamba ziwa limepungua. Ikatungwa Sheria ya Mkia: kila mwaka, ziwa lichimbwe kumfuata Babu. Mwaka wa kwanza mfereji ulimeza bustani ya mchicha. Wa pili ukameza banda la mbuzi. Wa tatu, jiko la jirani, na jirani alipewa cheti cha shukrani akapikie. Mwaka huu ilikuwa zamu ya chumba hiki. Siku ya Kipimo ni kesho kutwa, na majembe yanaanza siku hiyohiyo.

"Na wewe hata arobaini hujaifikia!"

"Ndiyo hivyo, mama."

Jioni ile Kalunde alikaa dirishani akisuka, maana mikono yake haikujua kuhuzunika bila kazi. Mara akasikia katika mfereji, nyasini, chubwi! Kisha tena, chubwi!

"Kambale hao," akasema. "Mvua za kwanza hizi, wanatafuta pa kutagia."

"Mama!" Nakubali akalia huko nje, uso ukutani. "Usimtaje kwa jina la kitoweo!"

Asubuhi Kalunde alikwenda ofisini kwa Mpima Mkuu. Aliitwa Mheshimiwa Zidisha, mtu mwenye shingo fupi na cheo kirefu, na kila alichokishika alikipima. Alimpima Kalunde toka kichwani hadi kwenye kandambili kabla ya kumpa kiti.

"Umekua!" akasema kwa upole.

"Nimepungua, mheshimiwa, na magoti ni mashahidi. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Ni mzazi wa siku kumi. Nimesikia hata hapa kwenu mzazi hahamishwi kabla ya arobaini, wala jembe halipigwi karibu naye."

"Umesikia sawasawa. Sheria ya Arobaini ni kubwa mno. Jumbe mwenyewe akipita mbele ya nyumba ya mzazi huvua viatu, akanyata."

"Basi tumeelewana."

"Tumeelewana. Lakini Babu Kina ni mkubwa kuliko sheria."

"Na mkubwa kuliko Babu Kina ni nani?"

"Hayupo. Angekuwapo ningekuwa nimeshampima."

Kalunde akavuta pumzi. "Mheshimiwa, ulishawahi kuingia majini ukamnyooshea hiyo kamba yeye mwenyewe?"

Zidisha akaruka kitini kama aliyekalia siafu. "Mama! Wewe ungependa watu wakuingilie chumbani na kamba?"

"Ndilo mnalotaka kumfanyia mwanangu."

Mheshimiwa aliipima meza yake, kwa urefu na kwa upana. Kisha akasema kwamba hoja zote hupelekwa Barazani Siku ya Kipimo, mbele ya Jumbe na wajumbe wa maziwa mengine, na kwamba yatima wa maji anaruhusiwa kusema, akisema kwa ufupi.

Siku ikafika. Baraza lilifanyika palepale penye mfereji, mbele ya nyumba ya Misoji, ili wageni waone mkia utakapopita. Jumbe alikuwa mama wa makamo, aitwaye Sikanushi, mwenye sauti ya taratibu na mwavuli mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba katika miaka kumi na minne ya utawala hakuwahi kumwambia mtu hapana, na shingo yake ilikuwa imesahau namna ya kutikisika kwa upande.

Wajumbe wa nchi nyingine walisimama mmojammoja kuwatangaza wa kwao.

Wa kwanza alitoka nchi ya ukungu. "Wetu ana nundu tatu," akasema. "Huonekana anapokuwapo mgeni mwenye kamera mbovu. Akija mwenye kamera nzima, yeye huwa na shughuli."

Watu wakapiga makofi.

Wa pili alitoka nchi ya mito ya baridi. "Wetu ni farasi wa majini. Mzuri, mpole, manyoya yanang'aa. Ukimpanda, mgongo wake unanata kama ulimbo, naye anashuka na wewe chini. Kwa hiyo kwetu watoto hufundishwa wasipande farasi wasiyemjua."

"Na wanasikia?" Jumbe akauliza.

"Waliosikia ndio walionituma."

Makofi tena.

Wa tatu alitoka visiwa vya mashariki, mtu safi, mwembamba. "Wetu ni mfupi kama mtoto wa miaka saba. Ana gamba la kobe, na utosini ana kisahani cha maji, na nguvu zake zote zimo humo. Atakukamata mtoni, atakuvuta. Lakini ana adabu. Ukimwinamia, lazima naye akuinamie. Maji yanamwagika, nguvu zinamwisha."

Hapo Ustaha nzima ikashikwa na mapenzi. Mnyama mwenye adabu hata imuue! Walisimama wakamwinamia mjumbe. Mjumbe naye akainama. Wao kwa kuona ameinama wakainama zaidi, na yeye vilevile, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, baraza lote lilibaki limepinda. Jua likasogea. Mwavuli wa Jumbe ukagusa vumbi. Mzee wa dawa ya visogo alianza kuhesabu viuno, akaona sasa inabidi aongeze dawa ya tatu.

"Kuna aliyeangusha sindano?" Kalunde akauliza kwa sauti.

Wote wakainuka kuangalia ni nani. Ndivyo walivyookoka.

"Yatima ana hoja," Zidisha akatangaza, mkono kiunoni.

Kalunde alisimama, ukili wake kwapani. "Naomba niione kamba ya Babu."

Ililetwa kwa ngoma. Wanaume wawili waliibeba ndani ya kapu kubwa, wakaliweka chini taratibu kama wanaweka bibi harusi.

"Ina urefu gani hiyo?"

"Pima mia tatu na tisa, na mkono mmoja," Zidisha akasema. "Na leo, kwa heshima, mia tatu na kumi na mbili."

"Na imekaa ndani ya nini?"

"Ndani ya kapu."

"Hilo kapu," Kalunde akasema, "mbona halikuchimbwa mpaka chumbani kwa mwanangu?"

Watu wakalitazama kapu. Wakaitazama nyumba. Misoji alikuwa amesogea dirishani na mtoto kifuani.

"Mimi huu ukili wangu una pima arobaini," Kalunde akaendelea, "na nimetoka nao kwetu mpaka hapa kwenye kwapa langu, haukumbomolea mtu ukuta. Kitu kirefu kinakunjwa. Huyo Babu kama yumo, si ajikunje?"

Lo! Mheshimiwa Zidisha alishika moyo. "Ajikunje? Babu Kina ajikunje? Kujikunja ni kazi ya paka na ya mtu mwenye homa!"

"Mbona nyoka wa heshima hujikunja," sauti moja ikatoka nyuma.

"Amesema nyoka!"

"Nimesema wa heshima!"

Kabla Kalunde hajameza mate, Ustaha ilikuwa imegawanyika pande mbili, Wanyooshi na Wakunji. Wanyooshi walisimama wima, mikono imebana mbavuni, hata kukohoa walikohoa bila kuinama. Wakunji walichuchumaa, wakakumbatia magoti. Kila upande ulipata wimbo wake palepale, na cha ajabu nyimbo zote mbili zilikuwa na sauti moja, kwa hiyo waliimba pamoja vizuri sana huku wakitukanana. Bibi mmoja alimkana mumewe wa miaka thelathini kwa kuchuchumaa. Mjumbe wa nchi ya ukungu alijaribu kupatanisha, akasema wa kwao huchomoza nundu tatu, kidogo kanyooka na kidogo kajikunja. Akazomewa na pande zote mbili.

"Basi asome sheria, karani!" Jumbe akasema.

Karani akasoma: "Mwenye kubishia kipimo na ashuke majini akapime mwenyewe. Akirudi, alichokiona kitaandikwa. Asiporudi, urefu wake utaongezwa kwenye kamba."

Nyimbo zikakatika. Katika miaka mia na mitatu hakuna aliyewahi kusomewa maneno yale. Hata Zidisha, ambaye hakumpenda, alimtazama yule mama mfupi kwa huruma. Bila kutaka, jicho lake lilimpima. Pima moja kasoro kidogo.

"Mama, usiende!" Misoji akalia dirishani. "Acha wachimbe! Nitalala hata kwa jirani!"

"Jirani hana jiko, mwanangu, na wewe unataka uji."

Nisiseme kwamba Kalunde hakuogopa. Kambale alikuwa amemsikia kwa masikio yake, lakini watu elfu mbili wakiamini kitu mbele yako kwa pamoja, hata wewe unaanza kukiona kikipumua. Akakitazama kile kitoto dirishani, utosi wake ukipigapiga kama moyo mdogo umesahaulika nje. Akafunga kanga kiunoni. Akavua kandambili. Akapiga hodi kwenye maji mara tatu, kwa kuwa ugenini ni ugenini, akaingia mferejini.

Maji yalimfika magotini.

Akapiga hatua ya pili. Magotini. Tope lilikuwa lilelile la kwao, la mabonde anakovuna ukindu, baridi, laini, linanyonya kidole cha mguu kama ndama. Akacheka kwa raha, na watu waliomsikia akicheka wakadhani tayari anafanywa kitu. Ndipo nyasi zikatikisika, kitu kizito kikampita kwenye ugoko. Kalunde aliinama, akangoja, kisha akadaka kama anavyodaka siku zote, nyuma ya kichwa, chini ya miiba ya mapezi. Maji yakaruka. Mama na kitu wakashindana. Alipoinuka, alikuwa ameloa hadi kilemba, na mikononi ameshika kambale, sharubu zinacheza, urefu wake mkono mmoja kamili toka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Huyu hapa!" akasema. "Ndiye huyu aliyepita siku ile, au kitukuu chake. Mkono mmoja!"

Shingo zote zilinyooka kumtazama yule samaki. Kalunde aliona ukweli umekwisha kufika, sasa ni kukaribishwa tu.

Mheshimiwa Zidisha akapaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka: "Mmeona wenyewe! Mkono mmoja! Ule mkono wa asili! Tulikuwa tukiusema tu kwa imani, leo umethibitishwa kwa macho! Zilizobaki, pima mia tatu na tisa, ziko chini!"

Ustaha ikalipuka kwa vigelegele. Wanyooshi walirusha kofia. Wakunji walibingirika. Karani aliandika: Mkono umethibitishwa. Na wenye majembe, ambao walikuwa wamesinzia, waliamka wakayashika.

Kalunde alisimama palepale majini, na kambale mkononi, akaona jinsi ukweli unavyoweza kupigiwa vigelegele ukabaki nje ya nyumba. Akawaza, hawa watu hawawezi kutolewa kwenye adabu yao. Basi na niwafuate humohumo.

Kambale alijipinda, na hapo kiganja chake kikahisi tumbo. Lilikuwa limejaa, gumu, duara. Kalunde, ambaye ametumbua kambale tangu hajaota meno ya utu uzima, alijua mara moja.

"Mheshimiwa," akaita kwa upole mpya. "Nimeshindwa. Huu ni mkono wake, na aliyebaki yuko chini. Basi njoo uuguse, wewe ni Mpima."

Hakuweza kukataa mbele ya wageni. Alisogea ukingoni, akanyoosha kidole, akakigusa kile kitumbo. Kalunde alibinya kidogo tu. Kwenye kidole cha Mheshimiwa zikabaki chembe, nyingi, ndogo, za kijani, zinang'aa kama shanga.

"Hizi ni nini?" akauliza, sauti imepungua.

"Mayai."

"Ma... ya nani?"

"Ya mwenye mkono. Babu yenu ni bibi. Na ni mzazi."

Nimewaambia awali kwamba Jumbe Sikanushi alikuwa amesahau kutikisa shingo. Wakati huo alikumbuka kitu kingine kabisa. Aliinama akavua viatu. Wakuu wakamwona, wakavua. Baraza zima likavua viatu, watu elfu mbili, viatu elfu nne, wakabaki wamesimama peku wakinyamaza, kama wanavyofanya mbele ya nyumba ya mzazi.

"Bibi Kina," Jumbe akanong'ona. "Mzazi! Na sisi tumempigia majembe miaka mitatu!"

"Lakini Babu... Bibi ni mkubwa kuliko sheria," Zidisha akanong'ona naye, akijaribu.

"Kuliko sheria ndiyo," Kalunde akasema. "Lakini aliye mkubwa kuliko yeye hayupo. Wewe mwenyewe uliniambia. Nani basi atamwambia mzazi huyu avunje arobaini?"

Majembe yalilazwa chini, polepole, yasigongane. Wanyooshi na Wakunji walikumbatiana, kwa sababu mzazi hulala anavyotaka. Mjumbe wa visiwa vya mashariki aliinama, lakini safari hii watu walimshika mabega kabla kuinamiana hakujaanza. Yule wa nchi ya ukungu alikuwa amekunja uso. "Na wa kwetu?" akawa anajiuliza. "Miaka yote hii, hatukuwahi hata kuuliza hali yake."

Zidisha hakuwa amekata tamaa. Alivuta kitabu. "Baada ya arobaini tutaendelea. Na watoto nao lazima wapimwe, ndiyo heshima. Kila mmoja kamba yake, kila mwaka pima tatu. Mama, hayo mayai ni mangapi?"

Kalunde akamrudisha kambale nyasini kwa uangalifu. Chubwi!

"Mayai ya kambale, mheshimiwa? Elfu kumi. Akiwa amenona, elfu ishirini."

Mpima Mkuu alianza kuandika. Aliandika, akafuta, akageuza ukurasa. Alimuuliza karani nchi ina katani ya kusokotea kamba kiasi gani. Karani akamwambia. Akaandika tena. Rangi ikamtoka usoni kwa hatua, kama maji yanayoshuka kisimani. Mwishowe akakaa chini kwenye majani, akaomba maji ya kunywa. Na maji yalipoletwa aliyanywa bila kuyapigia hodi.

"Jumbe," akasema kwa taabu. "Naona... naona kumpima mzazi ni utovu wa adabu."

"Sikanushi," akasema Jumbe, sawasawa na jina lake.

Ikaandikwa. Toka siku ile Ustaha hapimwi mtu majini, na Mheshimiwa Zidisha alipewa cheo cha Mpongezi Mkuu, ambacho ni kirefu zaidi ya kile cha kwanza. Ile kamba Kalunde aliiomba, akaisuka upya siku zilizofuata, akiwa ameketi chini ya ule mstari mwekundu. Ilitoa makawa, vikapu, na kamba ya kuanikia nepi za mjukuu wake, na bado ikabaki.

Arobaini ilipotimia, mtoto alitolewa nje. Alipewa jina la bibi yake. Watu walijaa mlangoni na zawadi zao, na Mpongezi Mkuu alipongeza mpaka akakauka koo. Kisha Kalunde alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga mpya, akateremka naye mferejini akamwosha nyayo, akachota mtungi, akajitwika.

Akageuka, akatembea. Mbele! Uso mbele, kisogo ziwani, kama wanavyotembea watu wa kwao, na mjukuu mgongoni akiyapa maji makalio yake mawili madogo.

Watu walishika pumzi. Nakubali alitazama ukuta, kisha kwa mara ya kwanza maishani akaacha kuutazama. Misoji akacheka, akajitwika mtungi wake, akageuka akamfuata mama yake. Akafuata jirani asiye na jiko. Akafuata mwingine, akajikwaa kwa kutozoea kuona anakokwenda. Yule mzee wa dawa ya visigino alianza kufunga vikopo vyake taratibu, akitikisa kichwa.

Nyuma yao, nyasini, maji yakapiga chubwi! Kubwa kweli.

Hakuna aliyegeuka kupima.